Premiksi ya kuku haitoshi: viongezi vya chakula cha sato na mapengo vinayoziba

Bwawa lilikuwa la turubai, maji yake maangavu unaona hadi chini, na humo ndani sato (tilapia) wa miezi minne walikuwa wakizunguka na migongo iliyopinda kama kulabu. Mwenye bwawa alikuwa ameshaambiwa mengi. Jirani alimwambia mbegu ni mbaya, ndugu wamezaliana. Mwingine akasema kisima kina madini. Muuza dawa za mifugo akampa kopo la "busta". Hakuna aliyemuuliza anachanganya nini kwenye chakula. Nilipomuuliza alinionyesha mfuko: premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa nyama, haijapitwa na tarehe, na ameipima kwa mizani kama lebo inavyosema.

Kuku hutengeneza vitamini C mwenyewe, kwenye figo zake. Ng'ombe na mbuzi nao wanaitengeneza, wao kwenye ini. Kwa hiyo anayetengeneza premiksi ya kuku kwa kawaida hana sababu ya kuitia. Sato hawezi kuitengeneza, kama mimi na wewe tusivyoweza, na akiikosa mwili haufungi vizuri nyuzi za kolajeni zinazoshikilia mifupa. Samaki anakua, misuli inavuta, uti wa mgongo unafuata. Ukishapinda haunyooki tena, hata bwawa lote ulimwagie vitamini.

Ndugu wakizaliana nao hutoa vilema, hilo ni kweli, na si kila mgongo uliopinda ni njaa ya vitamini C. Lakini mfuko ule ulikuwa na somo ambalo dukani halisemwi. Kiongezi kimetengenezwa kuziba pengo fulani. Mfugaji asiyejua pengo lake liko wapi atalipia kuziba palipojaa, na shimo lenyewe litabaki wazi.

Dukani kila kitu ni "busta" au "dawa ya kukuza", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, maana makopo hayo yanachanganya koo mbili ambazo hazina undugu. Ukoo wa kwanza ni virutubisho: vitamini, madini, asidi amino (vipande vinavyounda protini), mafuta. Hivi ni mali ghafi ya mwili, samaki akivikosa anadumaa au anaugua. Ukoo wa pili ni viongezi wasaidizi: vimeng'enya (vichocheo vya kusaga chakula), bakteria wazuri, hamira, asidi, majani na viungo, udongo wa kunasa sumu, unga wa kushikamanisha punje. Mwili wa samaki hauvidai. Vinakuja kusaidia chakula kimeng'enywe, kisiharibike, au tumbo litulie. Hakuna samaki aliyewahi kufa kwa kukosa kitunguu saumu. Halafu kuna kundi la tatu, antibiotiki na homoni, ambalo halikupaswa kukaa rafu moja na hizo mbili, nami nitalirudia mbele.

Samaki wako analala wapi?

Nikiombwa ushauri wa kiongezi, huuliza kwanza maji yana rangi gani.

Sato hujilisha majini kama mbuzi malishoni. Porini anakula mwani, vijidudu na uozo laini wa chini. Katika Ziwa George, Uganda, utafiti wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba asidi ya tumbo lake inaweza kushuka hadi pH 1.4, ukali unaopasua hata mwani wa bluu-kijani ambao samaki wengi huumeza na kuutoa vilevile. Sasa mtie samaki huyo kwenye bwawa la udongo lililowekwa samadi, maji ya kijani kiasi kwamba ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko unakipoteza kiganja chako. Humo, kwa samaki wawili au watatu kwa kila mita ya mraba, anakula mchana kutwa bila wewe kujua. Mwani na vijidudu vile vina protini nzuri, vina vitamini, vina fosforasi. Wewe unamletea pumba na mashudu ili apate nguvu, mengine anajitafutia. Kuwanunulia samaki hao premiksi ya vitamini, kwa maoni yangu, mara nyingi ni kumpelekea mvuvi dagaa.

Kwenye kizimba ndani ya Ziwa Victoria mambo ni mengine kabisa. Pale samaki wamebanana, maji yanapita, na karibu kila kinachoingia tumboni kimetoka mkononi mwako. Tangi la saruji na bwawa la turubai lenye maji maangavu ni vivyo hivyo. Kirutubisho ambacho hukukitia hakipo. Chakula kilekile, kwa hiyo, kinaweza kunyoosha samaki Morogoro kwenye bwawa la samadi na kuwapinda Mwanza kwenye tangi. Ndiyo sababu kwenye makundi ya WhatsApp mtu mmoja anaapa kwamba premiksi ni wizi na mwingine anaapa kwamba iliokoa mradi wake, na wote wawili wanasema kweli.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo inayopoteza fedha nyingi kimyakimya. Mfugaji ananunua chakula kamili cha kiwandani, kile cha kuelea, ambacho tayari kina vitamini na madini ya kutosha. Halafu anakipaka vitamini za kopo juu yake. Amelipa mara mbili. Vitamini B na C za ziada zitaishia majini, lakini A na D zinajilimbikiza mwilini na zikizidi zinadhuru. Kwa chakula cha aina hiyo pengo linaloweza kutokea ni la muda na ghala: mfuko uliokaa kwenye banda la bati kwa miezi mingi umepoteza sehemu kubwa ya vitamini C yake, na mafuta yake yameanza kunuka uvundo. Tazama tarehe ya kutengenezwa kabla ya bei. Mimi chakula kilichopita miezi mitatu sikipokei hata kwa punguzo.

Vitamini C yenyewe ina aina mbili sokoni. Ile ya unga wa kawaida, ya bei rahisi, huharibiwa na joto la mashine, hewa na unyevu. Aina iliyofungwa na fosfeti huvumilia zaidi, na ndiyo inayotumika viwandani. Makadirio ya hitaji la sato huanzia kama miligramu 50 kwa kilo ya chakula, lakini anayetumia ya kawaida hulazimika kutia mara kadhaa ya kiasi hicho kufidia kinachopotea njiani. Na unayetengeneza chakula nyumbani kwa mashine ya kusagia nyama, anika punje zako kivulini. Jua la saa sita juu ya bati hukausha haraka na kuua vitamini haraka vilevile.

Kuna makopo ambayo sato hayahitaji kabisa. Vitamini B12 ni mojawapo: bakteria wa utumbo wake humtengenezea, mradi apate madini ya kobalti kidogo. Mafuta ya samaki ni jingine. Samaki wa maji baridi kama trauti hudai omega-3 nyingi. Sato hudai zaidi omega-6, ile iliyojaa kwenye mafuta ya alizeti au soya, tena kwa kiasi kidogo tu. Mafuta ya sangara yatampa mlaji omega-3 zaidi sahanini, na hiyo ni sababu halali ya kuyatia kama una soko linalolipia. Lakini kwa kumkuza sato, alizeti ya Singida inatosha.

Shanga za rangi moja

Wauzaji hupenda asilimia ya protini, nasi tumeizoea: vifaranga wadogo asilimia 40 au zaidi, wanaokua 30 hivi. Namba hiyo haisemi protini imeundwa na nini. Fikiria mshona shanga wa Kimasai aliyeagizwa ukanda wenye rangi kumi. Ukimletea ndoo nzima ya bluu na nyekundu kiganja kimoja, ukanda utakomea pale nyekundu itakapoisha, na bluu iliyobaki ni mzigo. Sato anahitaji asidi amino kumi ambazo hawezi kujitengenezea. Ile iliyo haba kuliko zote ndiyo inayoamua atakua kiasi gani. Zilizobaki mwili unazichoma kama kuni, na moshi wake ni amonia majini.

Nyekundu ya mashudu ya alizeti, yaani asidi amino iliyo haba humo, ni lisini. Mahindi nayo yana upungufu huohuo. Soya ina lisini nzuri lakini methionini, asidi amino nyingine, ni chache. Dagaa ana zote, ndiyo maana chakula chenye dagaa humnenepesha samaki bila maswali. Tatizo ni kwamba dagaa huyohuyo, omena wa Kisumu, ndiye kitoweo cha watu, na bei yake inapanda kila kuku na samaki wanapoongezeka mjini.

Kwa hiyo lisini na methionini za unga, zinazouzwa kwa ajili ya kuku, si ulaghai. Zinaziba pengo la kweli kwa anayepunguza dagaa. Ila kuku anadonoa chakula kikavu, samaki anakila ndani ya maji. Asidi amino za unga huyeyuka na kutoka kwenye punje kabla hajaifikia. Zile zinazomezwa nazo hufyonzwa upesi kuliko zilizomo kwenye protini, zinafika kwenye damu wakati zile nyingine bado zinasagwa. Anayelisha mara moja kwa siku hupata faida ndogo, anayegawa mara nne kwa punje ngumu hupata zaidi. Kabla ya kuzinunua, jaribu kwanza kuoanisha vyakula vyenyewe: alizeti ina methionini ya kuridhisha na soya ina lisini, moja inaziba aibu ya nyingine bila kopo lolote.

Na kuna mapengo ambayo hayazibwi kwa kopo. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozima vimeng'enya vya kusaga protini, na dawa yake ni moto tu: ichemshe au ikaange. Mashudu ya pamba kutoka Simiyu au Shinyanga yana gosipoli, sumu inayopunguza ukuaji na uzazi. Humo njia salama ni kutia kidogo.

Kutoka kwenye pumba hadi kwenye gugumaji

Fosforasi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote humu, kwa sababu inaonyesha jinsi samaki anavyoweza kulala njaa juu ya ghala.

Kalsiamu sato anaweza kuivuta kutoka kwenye maji kwa matamvua yake. Fosforasi karibu yote lazima aile. Katika mifupa ya dagaa imejaa. Tukimwondoa dagaa na kuweka pumba, alizeti na soya, maabara bado itaandika kwamba fosforasi ipo ya kutosha, na kweli ipo. Lakini kama theluthi mbili ya fosforasi ya mimea imefungiwa ndani ya kitu kiitwacho fitati, na sato hana ufunguo. Inaingia mdomoni na kutoka nyuma ikiwa imefungwa vilevile. Njiani fitati hiyo hushika pia zinki na madini mengine na kutoka nayo. Samaki anadumaa, mifupa laini, na mwenye bwawa anasema mbegu mbaya.

Inayotoka haipotei. Kwenye bwawa la udongo inarutubisha mwani, si hasara kubwa. Kwenye vizimba inaanguka ziwani, na Ghuba ya Winam na Ghuba ya Mwanza tayari zina rutuba kuliko zinavyoihimili. Bakteria wa matope wanaifungua polepole, mwani unastawi, gugumaji linanenepa, na usiku mwani uleule unavuta oksijeni ambayo samaki wako wangeivuta. Mfugaji analipia fosforasi mara mbili: dukani, na alfajiri anapokuta samaki wanahemea juu.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kuongeza fosforasi nyingine iliyo wazi, ile DCP (fosfeti ya kalsiamu mbili) iliyoko kila duka la mifugo. Inafanya kazi, ingawa sehemu yake haifyonzwi, na fosfeti ya kalsiamu moja, MCP, hufyonzwa vizuri zaidi. Ya pili ni kuleta ufunguo: kimeng'enya kiitwacho fitasi, kinachotengenezwa kwa kuvu au bakteria, ambacho hufungua fitati ndani ya tumbo. Hapa tumbo kali la sato ni bahati, kwa kuwa fitasi hupenda asidi. Samaki aina ya kapu, ambaye hana tumbo la asidi, hanufaiki hivyo. Majaribio mengi ya sato hutumia yuniti 500 hadi 1,000 za fitasi kwa kilo moja ya chakula. Ukiitumia unaweza kupunguza DCP na kile kinachomwagika ziwani. Kati ya viongezi wasaidizi wote, kama ningelazimishwa kuchagua kimoja kwa chakula chenye mimea mingi, ningekichukua hiki.

Kikwazo ni joto. Mashine ya kutengeneza chakula cha kuelea hupika kwa zaidi ya nyuzi 100, na kimeng'enya cha kawaida kinakufa humo. Viwanda hukinyunyiza juu ya punje baada ya kupoa. Anayetumia mashine ya kusagia nyama ana nafuu, joto lake ni dogo, anaweza kukichanganya moja kwa moja. Hasara yake ni kwamba wanga haujaiva, punje inazama na kulegea upesi, hivyo anahitaji kishikizo kama uji wa unga wa muhogo. Kishikizo nacho ni kiongezi, tena cha bei rahisi kuliko vyote, na nimeona kikiokoa chakula kingi kuliko makopo ya bei mbaya.

Hamira, mlonge na utupa

Bakteria wazuri na hamira ndiyo habari ya mjini kwa sasa. Wazo lenyewe linaeleweka: ujaze utumbo kwa wageni wema, wabaya wakose nafasi. Ushahidi upo. Huko Misri, nchi inayoongoza Afrika kwa kufuga sato, jaribio lililochapishwa mwaka 2008 liliwapa vifaranga hamira hai ya waoka mikate. Gramu moja kwa kilo ya chakula ilitosha kuongeza ukuaji, na walipoambukizwa bakteria wa Aeromonas waliopewa hamira walikufa wachache zaidi. Gramu moja, usisahau. Kutia kijiko kwa kila kikombe hakukuongezei chochote.

Jambo moja linajitokeza mara kwa mara kwenye tafiti za aina hii: faida huonekana zaidi samaki wakiwa katika shida, wamebanana, wanasafirishwa au ugonjwa uko karibu. Kwenye bwawa tulivu lenye maji mazuri tofauti hufifia. Kwa hiyo mwenye vizimba vilivyojaa ana sababu ya kujaribu kuliko mwenye bwawa moja la familia. Aina ya kijidudu nayo ina maana. Bakteria aina ya basili huwa kama mbegu ngumu inayovumilia kukaushwa na joto. Laktobasili na hamira hai hufa kwenye mashine, hivyo hukorogwa kwenye maji ya uvuguvugu, hunyunyizwa juu ya punje zilizopoa pamoja na mafuta kidogo, na kulishwa siku hiyohiyo.

Asidi za kikaboni, kama ya limau na ya fomiki, huuzwa kwa madai ya kumeng'enyesha chakula. Kwa samaki mwenye tumbo la pH 1.4, dai hilo linanichekesha kidogo. Zinapofaa, kazi yao iko zaidi kwa bakteria wa utumbo na katika kuzuia chakula kisivunde.

Majani sasa. Mlonge umepewa sifa za kila aina, na majani yake kweli yana protini nyingi. Utafiti wa mwaka 2003 kwa sato ulionyesha kwamba majani yaliyokaushwa bila kupikwa yanaweza kuchukua nafasi ya asilimia 10 ya protini ya chakula bila kudhuru ukuaji, na kupita hapo samaki wakaanza kudumaa. Saponini, tanini na fitati ndizo zinazoshukiwa. Kitunguu saumu kimejaribiwa sana, na kina dalili nzuri kwa kinga, ila nguvu yake hupungua kwa moto, na harufu huweza kumsumbua mnunuzi ukilisha hadi siku ya kuvua. Azola, mmea mdogo unaoelea majini, ni chakula zaidi kuliko kiongezi, lakini hesabu yake hupotoshwa sana: asilimia 25 ya protini inayotajwa ni ya azola kavu. Mbichi ni maji matupu karibu yote. Ndoo ya kilo 10 ukiikausha hupati hata kilo moja, na protini yake ni kama gramu 150.

Kwamba kitu ni jani hakumaanishi kinampenda samaki. Babu zetu walivua kwa utupa, jani linalolewesha mto mzima, na mwarobaini ukizidi majini nao unaua. Anayekuambia "ni ya asili, haina madhara" mwulize kama alishawahi kuvua kwa utupa.

Sumukuvu

Hapa nitakuwa mfupi lakini mkali. Mahindi, karanga na mashudu yaliyolowa hupata kuvu, na kuvu hutoa aflatoksini, ile sumukuvu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 na wengine Dodoma na Manyara mwaka 2016. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu vyakula vya samaki vya wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki uliikuta humo pia. Samaki anaumia ini, anadumaa, anakuwa mwepesi wa magonjwa.

Udongo wa bentonaiti na makapi ya kuta za hamira huuzwa kama vinasa sumu. Bentonaiti hunasa aflatoksini ndani ya utumbo ili itoke na kinyesi, na hiyo ni kweli. Haiisafishi nafaka. Sumu nyingine za kuvu, kama fumonisini, huzishiki vizuri kwa udongo huo. Mtu aliyenunua mahindi ya bei ya kutupwa kwa sababu yameota ukungu, akategemea kopo liyatakase, anacheza na samaki wake na walaji wake. Kausha, inua mifuko juu ya mbao, tenganisha na ukuta. Pumba zenye ukungu zimwage.

Wasio wa rafu hii

Antibiotiki kwenye chakula cha kila siku ili samaki "wasiugue" ni mazoea mabaya kuliko yote niliyoyaona. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki zote za kukuzia mifugo kupitia chakula kuanzia Januari 1, 2006. Sababu ni rahisi: dozi ndogo ya kila siku inawafundisha bakteria kuizoea, na bakteria hao hawabaki bwawani. Antibiotiki ni ya ugonjwa uliothibitishwa, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, na kusubiri siku zilizoandikwa kabla ya kuvua. Halafu kuna magonjwa ambayo haiyagusi. Virusi vya sato vilivyoelezwa mara ya kwanza Israeli mwaka 2014 viliripotiwa mwaka 2018 katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda. Ukimwaga antibiotiki kama oksitetrasaiklini juu ya virusi umemwaga fedha.

Homoni ya kufanya vifaranga wote wawe madume nayo huzungumzwa kama busta, na si busta. Methiltestosteroni hutiwa kwenye chakula cha vifaranga wachanga, miligramu 60 kwa kilo, kwa siku 21 hadi 28 tangu waanze kula, kabla jinsia haijajipanga. Kazi hiyo ni ya kituo cha vifaranga, kwa glavu na utaratibu. Mtu anayekuuzia unga huo uwape sato wa gramu 100 ili wanenepe hajui anachouza, au anajua sana.

Namba ya lebo na namba ya daftari

Asilimia ya protini kwenye mfuko haipimwi kwa kuitafuta protini. Maabara hupima nitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25. Ni njia ya zamani na nzuri kwa mtu mwaminifu. Lakini urea ya shambani ina asilimia 46 ya nitrojeni, na kwa hesabu hiyo ni "protini" ya asilimia 287. Kilo moja ya urea kwenye kilo 100 za chakula hupandisha lebo kwa karibu alama tatu. Ng'ombe ana bakteria wa tumboni wa kuigeuza urea, sato hana. Mwaka 2007 chakula cha mbwa na paka Marekani kilikutwa na melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, iliyotiwa kwenye gluteni ya ngano kutoka China kwa mchezo huohuo. Kwetu udanganyifu wa kawaida ni wa kizamani zaidi, mchanga kwenye dagaa. Loweka kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, tazama chini.

Namba inayonihusu zaidi iko kwenye daftari: kilo za chakula zilizotumika kupata kilo moja ya samaki. Tuseme una kizimba unachotarajia kuvua kilo 400, na kawaida yako ni kilo 1.6 za chakula kwa kilo ya samaki. Utatumia kilo 640. Kwa shilingi 3,000 kwa kilo ni 1,920,000. Kiongezi kinachoongeza shilingi 150 kwa kila kilo ya chakula ni asilimia tano. Ili kirudishe gharama yake tu, kilo 640 lazima zishuke hadi chini ya 610, au samaki wafike uzito wa soko mapema, au wafe wachache zaidi. Mwambie muuzaji akuonyeshe punguzo hilo kwenye vizimba vya mtu unayemjua. Akikuonyesha picha ya samaki mkubwa aliyeshikwa mbele ya kamera, mshukuru.

Jaribio la kwako mwenyewe linawezekana. Vizimba viwili vyenye kiongezi na viwili visivyo nacho, vifaranga wa kundi moja, idadi sawa, chakula kilekile. Viwili kila upande, kwa sababu kizimba kilicho karibu na mkondo kitakua vizuri zaidi hata bila kopo. Kila wiki mbili vua samaki 30 bila kuchagua, wapime asubuhi kabla hawajala, andika na chakula kilichotumika na waliokufa. Pima pia joto la maji. Sato hula vizuri kwenye nyuzi 26 hadi 30, na chini ya 20 anakaribia kuacha, kwa hiyo mfugaji wa Njombe au Limuru anayeona samaki hawakui mwezi Julai pengo lake haliko kwenye mfuko wa chakula.

Mwenye bwawa la turubai alibadilisha premiksi akatia ya samaki, na akaacha maji yageuke kijani. Wale waliopinda aliwakaanga na familia yake, maana vilema havidhuru mlaji. Kundi lililofuata lilitoka na migongo iliyonyooka, na hadi leo sijui ni premiksi iliyofanya kazi au ni ule mwani, kwa kuwa alivibadilisha vyote siku moja.